"Ana Mawazo": Dhiki ya Mwanafunzi Mgeni wa Chuo na Uhakiki Wetu

Makala hii inahusu jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelipita njiani mara nyingi bila ya kulisalimu. Jambo lenyewe ni dhiki ya nafsi inayompata kijana anapoingia chuoni kwa mara ya kwanza: hofu, upweke, kukosa usingizi, kujiona hafai, na wakati mwingine kuyachukia maisha yenyewe. Si kwamba watunzi wetu hawakuiona dhiki hiyo. Waliiona mapema sana, nao waliiandika. Kasoro, kama tutakavyojaribu kuonyesha, imo katika namna tulivyowasoma. Kila mwanafunzi anapougua katika kazi hizi, sisi tumeugeuza ugonjwa wake kuwa ishara ya kitu kingine: malezi mabaya, ukoloni mamboleo, utupu wa maisha ya binadamu. Kitu hicho kikishapatikana, mgonjwa mwenyewe husahauliwa.

Yafaa tuanze na lugha, kwa kuwa yamkini baadhi ya wasomaji watadai kwamba swala hili ni la kigeni na kwamba Kiswahili hakina msamiati wake. Dai hilo halina msingi. Ni kweli kuwa "msongo wa mawazo" ni istilahi ya juzi juzi, na kwamba neno "sonona", linalotumika zaidi Tanzania, bado halijazoeleka katika masikio ya wengi huku kwetu. Lakini kabla ya istilahi hizo kulikuwako fadhaa, simanzi, jakamoyo, ukiwa na kihoro. Hili la mwisho ni neno zito. Kihoro ni huzuni imshikayo mtu aliyepotelewa, na kijana anayelala usiku wake wa kwanza katika bweni la watu asiowajua amepotelewa na mengi kwa mara moja, ingawa hakuna aliyekufa. Juu ya hayo kuna usemi wa kila siku: "ana mawazo". Msomaji na autazame vizuri usemi huu. Mwenye wazo husifiwa; mwenye mawazo huhurumiwa. Wingi peke yake umetosha kuigeuza akili kuwa maradhi. Kwa hiyo yule kijana ambaye jamaa zake nyumbani wanasema kwa wasiwasi kwamba siku hizi ana mawazo, ndiye yule yule ambaye mhadhiri wake anamwandikia pambizoni mwa insha kwamba hana mawazo.

Sasa tuzigeukie kazi zenyewe. Mwaka 1971 ulitoa kazi mbili ambazo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amezipitia: riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi na tamthilia ya *Mashetani* ya Ebrahim Hussein. Watunzi wote wawili walikuwa vijana waliotoka muda si mrefu katika chuo cha Mlimani, Dar es Salaam. Mazingira ya chuo hicho wakati ule hayana budi kukumbukwa. Mnamo Oktoba 1966, wanafunzi walioandamana kuupinga utaratibu wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa na Mwalimu Nyerere, karibu 400 kwa siku moja. Tangu hapo msomi alijua kwamba taifa linamtazama kama mtu anayekula jasho la wakulima. Mtu wa namna hiyo angesemaje kwamba anaumia? Nani angemsikiliza? Twaona kwamba hii ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, iliyoyafanya maumivu ya mwanafunzi katika kazi za kipindi hicho yaingie jukwaani yakiwa yamevaa nguo za jambo lingine lililo kubwa zaidi, la kisiasa au la kimaadili.

*Rosa Mistika* ndiyo kazi iliyodhulumiwa zaidi na usomaji wa aina hii. Kisa kinajulikana. Rosa, mwana wa Zakaria na Regina wa Ukerewe, anapigwa vibaya na baba yake mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakwenda shule ya wasichana ya Rosary akiwa na hofu kubwa ya wanaume, kisha anaingia Chuo cha Ualimu Morogoro, na huko mwenendo wake unageuka kabisa. Mwishowe anajiua. Uhakiki ulioenea unakiri neno moja tu, nalo ni malezi: baba alimbana mno, kamba ikakatika. Riwaya hii ilipopigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, kosa lake lilisemwa kuwa ni kuyaweka wazi mambo ya mwili. Waliompinga mtunzi na waliomtetea walikutana mahali pamoja bila ya kujua. Pande zote mbili ziliusoma mwili wa Rosa, na hakuna upande ulioisoma nafsi yake.

Tukirudi katika matini tukiwa na swali jingine, tunayakuta mambo mengine. La kwanza ni kwamba Rosa hakuanza na uhuru, alianza na woga. Msichana aliyefundishwa kwa fimbo kwamba kila mwanamume ni hatari anaingizwa mahali ambapo mikutano ya wavulana na wasichana ni sehemu ya maisha ya shule, na wenzake wanamwona wa ajabu. Woga wa namna hii una dalili zake: kujitenga, kujishuku, kujipima kwa macho ya wengine. Uhakiki wa malezi unaupita haraka ili ufike Morogoro, kwenye "uharibifu". La pili ni kwamba mgeuko wa Rosa hauna furaha. Mwandishi hamwonyeshi msichana aliyeyaonja maisha akayapenda. Anamwonyesha mtu anayekimbia bila ya kuchagua, kana kwamba akisimama kitu kitamfika. Ni vigumu kuuita mwenendo huo umalaya na kudhani kuwa tumeueleza. La tatu, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba hakuna mtu hata mmoja chuoni ambaye Rosa anaweza kumwambia lililomsibu. Mkuu wa chuo, ambaye cheo chake kingemfanya awe mlezi, naye anamtaka kimapenzi. Basi Rosa hakuharibiwa na malezi ya Zakaria pekee. Alitoka katika mikono iliyompiga akaingia katika mikono iliyomtumia, na kati ya nyumba na chuo hapakuwa na wa kumpokea.

Riwaya inaishia mahakamani. Baada ya kifo, Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akimtwika mwenzake lawama. Wengi wamelisifu tukio hili, nasi hatukatai kwamba ni la kijasiri. Lakini tazama jinsi lilivyoiachia urithi mbaya taaluma yetu. Kwa miaka zaidi ya 50 tumeendelea kukaa katika mahakama ile ile. Maswali ya mitihani tunayoyatunga ni ya mashtaka: nani wa kulaumiwa kwa maangamizi ya Rosa? Je, alijitakia? Thibitisha. Mtahiniwa anakusanya ushahidi, anatoa hukumu, anapewa alama. Anayeliandika jibu hilo ni kijana wa mwaka wa kwanza, umri wake ni wa Rosa au karibu nao, na huenda juma lile hakulala. Tunamwalika kwa lugha sanifu amhukumu mtu aliye katika hali yake.

Wala mahakama hiyo haikuwa ya kubuni peke yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayestahili kufungwa au kutozwa faini, na kiliendelea kutumika hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Kwa muda wote huo, mwanafunzi aliyeokolewa angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa kizimbani. Hatudai kwamba wahakiki wa fasihi ndio walioiandika sheria hiyo, iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza. Tunachosema ni kwamba usomaji wetu haukuipinga. Uliizungumza lugha yake.

*Mashetani* inatupa mfano wa namna nyingine. Juma na Kitaru ni wanafunzi wa chuo kikuu. Wanaucheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na baadaye Kitaru anashikwa na maradhi ya nafsi ambayo wazazi wake, watu waliopanda ngazi baada ya uhuru, hawayaelewi. Usomaji uliozoeleka, ambao nafikiri ni sahihi katika mipaka yake, ni kwamba shetani ni ukoloni uliouawa ukabaki, na kuugua kwa Kitaru ni kuanza kuutambua ukweli wa matabaka. Vyema. Lakini Hussein hakuipa tamthilia yake jina la nadharia. Aliipa jina linalotoka katika maisha ya Waswahili, na jina hilo lina utaratibu wake. Katika ngoma ya kupunga pepo, mgonjwa hahukumiwi. Fundi humwuliza pepo aliyepanda kichwani: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye pepo hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, na watu wa nyumbani husikiliza kwa adabu maneno ambayo mgonjwa mwenyewe asingethubutu kuyatamka mchana. Simwombi mtu ayaamini mapepo. Nasema tu kwamba utaratibu huo una nafasi ya kusikiliza ambayo nyumba ya kina Kitaru, pamoja na fedha zake, haina. Ukisoma hivi, kinachotisha zaidi katika tamthilia si shetani. Ni wazazi wanaotaka mtoto apone upesi arudi masomoni.

Kuhusu *Kichwamaji* (1974) tutasema machache, kwa sababu riwaya hiyo imeshachambuliwa mno. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kijijini likizoni na kuona kwamba yeye na wazazi wake hawawezi tena kuzungumza, mwishoni anajiua. Neno "udhanaishi" limekuwa kifuniko cha chungu hiki. Ni neno lenye manufaa, lakini mhadhiri anayelifurahia sana na aangalie lisije likamfanya aone kwamba kujiua kwa kijana ni tokeo la kifalsafa. Kichwamaji, kabla ya kuwa jina la kitabu, ni tusi ambalo watu humpa mtu aliyepotewa na akili. Kezilahabi alilichukua tusi hilo na kuliweka juu ya jalada.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo lingetusaidia kuzisoma kazi hizi zote. Neno lenyewe ni somo. Somo ni kile kinachofundishwa, lakini somo pia ni yule mtu mzima anayemsindikiza mwari katika kuvuka kutoka utotoni: anakaa naye ndani, anamwambia siri, anauona woga wake na hauchukulii kuwa kosa. Lugha haikuona haja ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Chuo cha kisasa kimeyatenganisha. Mgeni hupewa orodha ya masomo na namba ya chumba, kisha huachwa. Kinachozifunga pamoja hadithi za Rosa, Kitaru na Kazimoto, ambazo katika vitabu vya uhakiki zimewekwa kwenye sura mbalimbali, ni kwamba wote watatu walivuka bila ya somo. Mhakiki wa malezi atasema kwamba hili nalo ni swala la malezi. Sivyo. Malezi ni ya kabla ya safari. Tunalozungumzia hapa ni la wakati wa kuvuka, na wajibu wake hauko kwa Zakaria.

Mfano wetu wa mwisho ni wa karibu zaidi. Katika *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* (2016), diwani iliyosomwa na watahiniwa wa KCSE kuanzia 2018, mna hadithi ya Kenna Wasike iitwayo "Mapenzi ya Kifaurongo". Dennis Machora, mtoto wa maskini, yuko katika Chuo Kikuu cha Kivukoni. Anakaa chumbani peke yake, anajipikia uji, anajilinganisha na wenzake wenye nacho. Kisha Penina, binti wa tajiri, anagonga mlango, na kuanzia hapo hadithi inakuwa ya mapenzi na usaliti. Miongozo ya shule imeifuata njia hiyo ya pili kwa utiifu: tabaka, tamaa, ukosefu wa ajira. Sina shaka kwamba mambo hayo yamo. Lakini kurasa za kwanza, kabla mlango haujagongwa, ni miongoni mwa maelezo ya kweli kabisa ya dhiki ya mwanafunzi tuliyonayo katika Kiswahili, na wanafunzi wengi waliofika vyuoni katika miaka iliyofuata walikuwa wamekwisha kutahiniwa juu yake kabla haijawapata.

Jina la hadithi nalo limesomwa nusu. Kifaurongo, kama ajuavyo kila mtoto wa shamba, hujifanya kimekufa kinapoguswa. Wahakiki wamelichukua jina kuwa ni sifa ya mapenzi ya Penina, mapenzi ya uongo. Sarufi inawaruhusu. Hata hivyo, mtu turudi kwenye ukumbi wa mihadhara ambamo hadithi inaanzia, mbele ya Daktari Mabonga, mhadhiri anayeogopwa na mwenye kejeli kwa wanaouliza. Tumtazame Dennis katika safu za viti, akiwa hasemi, mawazo yake yako mbali, akingoja kipindi kiishe. Aliyejikunja hapo baada ya kuguswa si Penina.