Wanawake wa Kulipwa au Mbio za Kulipwa?

Tarehe 27 Septemba 2025, mjini Kigali, Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda mbio za barabarani za wanawake, za kilomita 164.6, katika mashindano ya baiskeli ya ubingwa wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika barani Afrika, tena katika nchi jirani ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi tangu mwaka 2017. Hapana budi, basi, mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wawe na maneno yafaayo kuyaelezea. Katika makala haya twahakiki neno moja tu: "kulipwa".

Aliyezoea kurasa za michezo, akitakiwa kuwataja washindani wa Kigali, huenda akaandika "wanawake wa kulipwa". Hapo pana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la mpangilio wa maneno. Ndondi zimetupa jozi nzuri ya istilahi: ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Lakini tutazame vyema: sifa hiyo imeambatana na mchezo, si na mtu. Ikihamishiwa kwa mtu, na mtu huyo akiwa mwanamke, maana yaweza kugeuka kuwa tusi. Mwambie mchuuzi wa samaki wa Msasani, ambaye naye hupanda baiskeli alfajiri kutafuta riziki, kwamba kesho watapita wanawake wa kulipwa; atacheka kabla hajauliza mbio zaanzia wapi. Istilahi inayohitaji maelezo ili isiwe matusi haijakomaa.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwani ni la ukweli. Katika ubingwa wa dunia washindani huwakilisha nchi zao, na hugawanywa kwa umri na kiwango, si kwa mshahara. Kimberley Le Court wa Mauritius, aliyeshinda mbio za Liège–Bastogne–Liège mwezi Aprili 2025, ana mkataba na timu kubwa ya Ulaya. Wapo wengine waliofika Kigali bila mkataba wowote. Kuwaita wote "wa kulipwa" ni kuwapa baadhi yao mshahara wasioupata.

Tena neno hilo lafuta historia. Wanawake walianza kushindania ubingwa wa dunia wa barabarani mwaka 1958 huko Reims, Ufaransa, na Elsy Jacobs wa Luxembourg akawa bingwa wa kwanza. Timu kubwa za wanawake hazikuwekewa kima cha chini cha mshahara hadi mwaka 2020, yaani miaka 62 baadaye. Kima hicho kilianzia yuro 15,000 kwa mwaka, na kufikia 2023 kilikuwa yuro 32,102. Timu za madaraja ya chini hazikuwekewa sharti hilo mwaka huo wa 2020.

Wapo wanaopendelea "mweledi". Kwa maoni yetu halifai hapa: weledi ni ustadi, na chipukizi asiyepata hata senti aweza kuwa mweledi kuliko mwenye mshahara.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) mbio za kulipwa: mbio ambazo washindani wake ni waajiriwa wa timu. Sifa ibaki kwenye mbio.

(b) mpanda baiskeli mwenye mkataba: pale inapolazimu kumtaja mtu. Ni refu, lakini halimdhalilishi wala halimsingizii.

(c) daraja la wakubwa: kama tusemavyo timu ya taifa ya wakubwa katika kandanda. Litofautishwe na chini ya miaka 23, daraja ambalo wanawake walipata mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza huko Kigali, na daraja la chipukizi.

(d) mbio za siku moja: kinyume cha mbio za hatua, kama vile Tour du Rwanda.

Mbio alizoshinda Vallieres ziitwe, basi, "mbio za barabarani za wanawake, daraja la wakubwa". Mwalimu akilisoma jina hilo darasani, msichana aliye na baiskeli ya babake ataelewa kwamba mlango wa mashindano hufunguliwa na umri na uwezo. Habari ya mshahara ni swali lingine, na ana haki ya kuliuliza kwa neno lake lenyewe.

Wasomaji wenye maoni tofauti twawaomba watuandikie, wakitaja mifano ya matumizi.