Bamba la Tatu

Mwaka 1840, mjini Glasgow, Joseph Whitworth alisoma mhadhara juu ya namna ya kupata uso wa chuma ulio sawasawa. Nimeusoma mara kadhaa nyumbani Mpitimbi. Nathubutu kuutolea maoni kwa kuwa miaka mingi nilishinda na kikwangulio mkononi, katika karakana moja mjini Songea.

Enzi hizo mafundi walimalizia kazi kwa kusaga chuma juu ya chuma, katikati wametia unga wa msasa. Whitworth aliipinga desturi hiyo kwa hoja nzito: unga hautawaliki, hula hata mahali usipotaka. Kikwangulio huenda pale mkono unapokipeleka. Unapaka rangi kidogo juu ya bamba la kulinganishia, unalisugua juu ya kazi, vilima vinashika rangi, unavikwangua, unarudia. Kila mkwanguo huondoa chuma chembamba kuliko unywele.

Lakini kiini cha mhadhara ni bamba la tatu. Mabamba mawili yaweza kukubaliana, na yote yakawa ya uongo: moja lina tumbo, jingine lina bonde, yakilaliana rangi huenea vizuri. La tatu likipimwa na kila moja, uongo huo hauna pa kujificha.

Hapo mhadhara ulinihukumu. Zamani nililetewa kazi ya kukereza shafti ya mashine ya kusaga mahindi ya Mpitimbi. Kitanda cha mashine yetu ya kukereza kilikuwa kimelika. Nililikwangua gari lake mpaka likakilalia vema, rangi ikaenea kote, nikajisifu. Kumbe nilikuwa nimelifundisha gari kuufuata ubovu wa kitanda. Shafti ilitoka nene upande mmoja, beringi zikaungua, kina mama wakarudi na mahindi yao vichwani. Mama yangu mdogo alikuwa miongoni mwao. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza.

Wapo wanaomsifu Whitworth kana kwamba alianza peke yake. Si haki. Alipata kufanya kazi London kwa Henry Maudslay, ambaye katika karakana yake mabamba ya kulinganishia yalikuwa yakitumika tayari. Upungufu wa mhadhara wenyewe, kwa maoni yangu, ni mwingine: unamfundisha fundi njia ya kugundua kosa, wala haugusi hofu yake ya kuligundua. Siku ile rula ndefu ya chuma, iliyonyooka, ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yangu. Niliijua kazi yake. Sikuishusha, kwa sababu rangi ilikuwa inanisifu, na mteja alikuwa mlangoni.

Siku hizi vijana hunionyesha vitanda vilivyokwanguliwa, alama zimepangwa kama mkeka. Husifu mkono wao, kisha huwauliza: kilipimwa na nini? Anayenijibu kwamba kilipimwa na gari lake, humwambia habari ya mahindi.