Herufi Moja Iliyofutwa Mikumi

Taksiri ninayoizungumza leo haikutendeka ndani ya chumba cha mtihani bali juu ya fomu ya usajili wa mtihani wa kidato cha sita, pale ambapo binti wa Mikumi, muuza duka kando ya barabara kuu na mtahiniwa wa kujitegemea ambaye wengi wenu mmefuatilia habari zake tangu alipoanza kujisomea Historia, Jiografia na Kiswahili, aliifuta K ya HGK akaandika E, na kwa herufi hiyo moja akajitwika Uchumi, somo asilopata kulifungua hata siku moja, ilhali miezi iliyobaki kufika mtihani wa Mei ilikuwa saba. Nasema mapema ili msomaji asingoje: uamuzi ule ulikuwa kosa, wala halikuwa kosa la upungufu wa akili au bidii, maana vyote viwili binti yule anavyo.

Hebu tuutazame kwa nadhari. Alipojisajili, HGK ilikuwa karatasi sita za tahasusi na moja ya General Studies, jumla saba; HGE iliongeza BAM, zikawa nane, na hiyo ya nane ilikuwa hisabati, somo ambalo cheti chake cha kidato cha nne kinaonyesha F. Alinijibu kwamba BAM haihesabiwi katika daraja, na kweli haihesabiwi; walakini saa zake huhesabiwa, na kwa mtu anayefunga duka saa mbili usiku kila saa inayokwenda kwenye hisabati imenyofolewa katika Jiografia. Fauka ya hayo Uchumi wenyewe haukwepi hesabu wala michoro: unyumbukaji wa mahitaji, gharama za uzalishaji, pato la taifa, yote hayo mwanafunzi wa shule humuuliza mwalimu asubuhi, bali anayejisomea, mchoro ukimpotea usiku, hukesha nao peke yake mpaka kunakucha.

Na alichokiacha ni nini? Aliacha karatasi mbili za pekee katika tahasusi yake ambazo angezijibu kwa lugha anayoiotea ndoto. Ile ya kwanza, yenye sarufi, utumizi wa lugha, tafsiri na maendeleo ya Kiswahili, alikwisha kuifanyia mazoezi. Na kwa ya pili alikwisha kuisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na Kimbunga ya Haji Gora Haji, kitabu ambacho pambizo zake alizijaza kalamu hata hapakuwa na nafasi. Nimesema miaka yote, nanyi mmechoka kunisikia, kwamba asiye na mwalimu na achague kwanza somo ambalo aweza kujisahihisha mwenyewe. Insha ya Kiswahili akiisoma kwa sauti, sikio lake litamwonyesha penye ila. Jibu la Uchumi kwa Kiingereza likimharibikia, hatajua kama amekosea dhana au amekosea lugha, na asiyejua alikokosea hurudia kosa lile lile hadi siku ya mtihani.

Hata kwa pointi hesabu haimtetei. Kima cha chini cha kuingia chuo kikuu ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Basi B ya Kiswahili peke yake ingempa 4, akabaki kutafuta E moja kwingineko.

Aliyemshauri, nasikia, ni mtu wa mjini aliyemwambia kwamba Kiswahili hakina kazi. Maneno hayo nimeyasikia tangu ujana wangu, na hayajaongezewa hoja hata moja, ijapokuwa SADC imekipokea Kiswahili mwaka 2019 na Umoja wa Afrika mwaka 2022. Na tangu tahasusi zilipotangazwa kuwa 65 mwaka 2024, washauri wa namna hii wamezidi, kana kwamba orodha ndefu huleta mwalimu kijijini. Asiye na mwalimu hubaki na vya kununua, navyo havina dhamana: mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa madesa ya Uchumi na kituo kimoja cha masomo ya ziada, kurasa ambazo mihimili ya bei na kiasi ilikuwa imebadilishana mahali, nikaikariri hivyo hivyo.

Mengine ya binti huyu siyalaumu: ratiba yake, na daftari la Jiografia lenye mafuriko ya mto Mkondoa pale Kilosa na mkonge wa Kimamba, havina doa.

Wazee wetu walilifanya jambo hili la kujisomea kwa busara zaidi. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, alisoma kwa posta kutoka chuo cha Afrika Kusini. Na waalimu wengi wa zama zile walifanya mitihani ya Cambridge na London kwa njia hiyo hiyo. Ugumu hawakuuogopa, lakini aghalabu nyuma ya kila somo gumu palikuwa na mkufunzi wa mbali, ambaye bahasha ilikwenda kwake na kurudi ikiwa na wino mwekundu. Binti wa Mikumi amechukua somo gumu bila bahasha wala wino.

Fomu imekwisha kwenda na ada imelipwa. Jumamosi nilimkuta dukani, akanipa shikamoo, na kabla sijaketi akauliza, "Mwalimu, hisabati nianzie wapi?" Kimbunga kilikuwa chini ya sanduku la fedha. Nikachukua daftari lake la madeni, nikageuza ukurasa mweupe, tukachora mstari wa wima tukauandika bei, kisha wa mlalo tukauandika kiasi.