Nolan na kamera kubwa: inaona nini, haioni nini?

Ukitaka kuharibu mapumziko ya chai kwenye maabara yetu, taja jina la Christopher Nolan. Kambi mbili zinajitokeza hapo hapo. Ya kwanza inasema jamaa aliishia kwenye The Prestige ya mwaka 2006, na kwamba tangu azizoee kamera za IMAX anatuonyesha mashine, si hadithi. Ya pili inasema filamu zake za karibuni, hasa Dunkirk (2017) na Oppenheimer (2023), ndizo zilizomfanya awe msanii kweli kweli, na anayeona tofauti basi hajazitazama kwenye skrini inayostahili. Mimi nimekuwa nahama kambi kila mwaka. Baada ya kuirudia Oppenheimer mara tatu, moja ukumbini na mbili kwenye laptop, nina msimamo, ingawa sidhani kama utafurahisha upande wowote.

Tuanze na mashine yenyewe, maana watu wengi wanaibishania bila kujua inafanya kazi gani.

Kwenye kamera ya kawaida ya filamu, ukanda wa milimita 35 unashuka wima, na kila fremu inachukua urefu wa matundu manne ya pembeni. Picha unayopata ina upana wa kama milimita 22 na urefu wa 16. IMAX inatumia ukanda mpana zaidi, wa milimita 65 ndani ya kamera na 70 kwenye nakala ya ukumbini, halafu inaulaza ukanda huo ili uende kwa mlalo. Fremu moja inakula matundu 15. Upana wake ni karibu milimita 70 na urefu 48. Pigeni hesabu wenyewe: eneo la fremu moja ni zaidi ya mara tisa ya lile la ukanda wa 35.

Eneo hilo lina maana gani? Picha ya filamu inatokana na chembechembe za fedha. Chembe hizo hazikui kwa sababu kamera imekuwa kubwa, zinabaki na ukubwa ule ule. Kwa hiyo uso wa mtu ukichorwa na chembe mara tisa zaidi, ule mchangamchanga unaouona kwenye filamu za zamani unapungua kama mara tatu, kwa sababu kelele inashuka kwa kipeuo cha pili cha eneo, yaani kwa mzizi wake wa mraba. Ni hesabu ile ile ya kurudia kipimo maabara mara tisa ili kosa lipungue mara tatu. Hakuna uchawi hapo.

Ila kila kitu kina bei. Kila tundu linachukua milimita 4.75 za ukanda, fremu ni 24 kwa sekunde, kwa hiyo ukanda unakimbia mita 1.7 kila sekunde. Kasha la futi 1,000 linaisha ndani ya dakika tatu hivi. Nakala nzima ya Oppenheimer, saa tatu, ina urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa karibu kilo 270. Kumbi zilizoweza kuionyesha kwa ukanda huo zilikuwa 30 tu dunia nzima, na Afrika haikuwa nao hata mmoja. Nairobi kulikuwa na ukumbi wa IMAX, lakini wa kidijitali. Kwa hiyo ile hoja ya kambi ya pili kwamba "hujaiona kama hukuiona kwa 70" inatufungia mlango sisi sote kabla mjadala haujaanza. Naikataa. Filamu nzuri lazima ibakize kitu hata ikifika kwenye laptop yenye skrini iliyopasuka pembeni.

Bei nyingine ni kelele. Kuvuta ukanda mzito namna hiyo na kuusimamisha mara 24 kwa sekunde kunatoa mngurumo kama wa cherehani kubwa. Kurekodi maongezi karibu nayo ni shida, na Nolan hapendi kuwaita waigizaji warudie sauti studio. Ukilijua hili, filamu zake za karibuni zinaeleweka upya. Dunkirk ina maneno machache mno. Watu wanaogopa, wanakimbia, wanazama, na maelezo ni ya sekunde chache. Wengine wanaita huo ubaridi. Mimi naona ni mtu aliyekubali sharti la chombo chake na kulifanya mtindo. Hoyte van Hoytema, mpiga picha wake tangu Interstellar, alibeba kamera ile begani ndani ya boti, na kwa ndege za Spitfire alitumia lenzi za mrija ili aingie sehemu ya rubani ambayo kamera haiwezi kupita. Kuna kamera moja iliyofungwa kwenye ndege ya kuigiza ikazama nayo baharini. Ukanda ukatunzwa ukiwa umelowa, maana jelatini ikikauka vibaya inagandana, ukasafirishwa hadi maabara Los Angeles, na picha ikatoka. Imo kwenye filamu.

Tenet (2020) ni upande wa pili wa sharti hilo hilo. Hapo maongezi ni mengi, tena ya fizikia, na mengine yanasemwa kupitia barakoa. Hadithi inategemea uelewe entropia inarudi nyuma vipi, halafu sauti inakunyima maelezo. Nimesoma utetezi kwamba tunatakiwa "kuihisi, tusiielewe". Samahani, mimi nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza thermodinamiki, na jibu hilo nisingelikubali kwenye mtihani. Kambi ya kwanza ina haki hapa.

Sasa Oppenheimer. Kitu cha kwanza ambacho naona kambi zote mbili zinakipita haraka ni kwamba kamera kubwa kuliko zote ilielekezwa zaidi kwenye nyuso. Fremu kubwa inahitaji lenzi ndefu ili ione upana ule ule: lenzi ya milimita 80 kwenye IMAX inaona kama ya 25 kwenye ukanda wa 35. Na lenzi ndefu inafanya eneo lililo kali kuwa jembamba. Ndiyo maana jicho la Cillian Murphy linakatika kama wembe wakati sikio lake limeshayeyuka. Akisogea kidogo tu anatoka kwenye ukali. Mtu anayehojiwa kwenye chumba kidogo, akiwa amefungwa ndani ya sentimita chache za uhakika: hiyo ni optiki inayofanya kazi ya uandishi. Kwa sehemu za nyeusi na nyeupe, zile za Strauss, ilibidi Kodak watengeneze ukanda mpya kabisa, kwa sababu wa milimita 65 wa aina hiyo haukuwepo. Gharama hiyo naitetea bila aibu. Chumba cha maongezi kinapigwa kwa chombo kilichozoea milima na anga za mbali, na ghafla unaona jasho la mwanasiasa kama ushahidi.

Tatizo langu ni mlipuko.

Nolan hakutaka moto wa kompyuta kwa jaribio la Trinity la tarehe 16 Julai 1945. Timu yake ililipua vitu halisi: petroli, unga wa alumini, magnesiamu. Wakati filamu inatoka, hili lilitangazwa kama heshima kwa ukweli. Lakini petroli inawaka kama petroli. Ule moto wa rangi ya chungwa wenye moshi na mikunjo mikubwa ni masizi yenye joto la nyuzi elfu mbili hivi, na mikunjo yenyewe inasaliti ukubwa wake, kama vile matone ya maji yanavyosaliti meli ya kuchezea ndani ya beseni. Bomu la nyuklia katika milisekunde za kwanza halina mikunjo. Eksirei zinapasha joto hewa inayozunguka, na unapata nusu tufe laini, karibu lenye ngozi, linalong'aa kupita macho yanavyoweza kustahimili.

Tunajuaje? Kwa sababu lilipigwa picha. Berlyn Brixner na wenzake waliweka kamera nyingi Trinity, nyingine za kasi kubwa sana. Picha zilipochapishwa, Mwingereza Geoffrey Taylor alizipima kama mtu anayepima shamba. Nishati ya mlipuko wa aina hii inakaribia msongamano wa hewa, mara nusu kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tano, gawanya kwa muda kipeo cha pili. Baada ya sekunde 0.025 nusu kipenyo kilikuwa karibu mita 140. Weka msongamano wa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, unapata kama jouli 10¹⁴, yaani kilotani 25 hivi za TNT. Makadirio rasmi ya muda mrefu ni 21, na mapya yamesogea karibu na 25. Picha chache za filamu zilitosha kufichua nguvu ya bomu. Jaribu kumpa Taylor fremu za Nolan: atakupa nguvu ya pipa la petroli.

Linganisha na Interstellar (2014). Kule Nolan alimpa Kip Thorne nafasi, milinganyo ikaingia kwenye kompyuta, na shimo jeusi lililotoka lilizaa hata makala za kitaalamu. Walipunguza kitu kimoja, tofauti ya mwangaza kati ya upande unaokuja na unaokwenda, ili mtazamaji asichanganyikiwe, lakini msingi ulikuwa fizikia. Kwa hiyo mtu yule yule, aliporuhusu kompyuta, alipata ukweli zaidi. Alipoikataa, alipata moto wa kweli wa kitu kingine. Neno "halisi" linatumika vibaya hapa, na wapenzi wa kamera kubwa wanalirudia bila kuuliza: halisi kwa nani?

Msinielewe vibaya, sidai kila kosa la fizikia ni dhambi. Sauti ya mlipuko, kwa mfano. Oppenheimer yuko kwenye handaki umbali wa kilomita 9 hivi, kwa hiyo mshindo ungemfikia baada ya sekunde kama 27. Filamu inasubiri zaidi ya dakika moja, muda unaofaa zaidi kwa wale waliokuwa kilomita 32 kule. Tunasikia pumzi tu. Hilo nalikubali, kwa sababu hati ya filamu imeandikwa kwa nafsi ya kwanza na dakika ile ni ya mtu mmoja anayeelewa alichofanya. Kimya kile hakikuuzwa kama ushahidi. Moto uliuzwa hivyo.

Na kuna jambo lingine ambalo kwa msomaji wa Kiswahili si dogo. Kumbukeni zile gololi. Oppenheimer anazidondosha kwenye bakuli la kioo na kwenye glasi, moja moja, kuonyesha urani na plutoni inavyoongezeka. Ni njia nzuri sana ya kufundishia, nimeiiba darasani. Lakini gololi zinatoka mfukoni kwake, kana kwamba madini yanazaliwa Los Alamos. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, mahali ambapo watu wanaongea Kiswahili. Mawe yake yalikuwa tajiri ajabu, oksidi ya urani ikifikia karibu asilimia 65. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alishapeleka kama tani 1,200 New York, zikakaa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipozinunua mwaka 1942. Wakongo waliochimba hawana fremu hata moja. Wala waliokuwa wakiishi jirani na Trinity, ambao majivu yaliwaangukia.

Najua jibu: filamu inafuata macho ya Oppenheimer, na yeye hakuona Katanga. Sawa. Ndiyo maana hata Hiroshima haionyeshwi, na uamuzi ule wa Hiroshima mimi nautetea, kwa sababu filamu inatufanya tuhisi kwamba hayupo tayari kuangalia. Anageuza uso picha zinapoonyeshwa. Kwa Katanga hakuna uso unaogeuzwa. Hata sentensi moja kwenye kikao, gunia moja lenye mhuri, ingetosha, na filamu ya saa tatu ilikuwa na nafasi. Kutoonyesha kitu na kutokijua ni mambo mawili, na kamera iwe na milimita ngapi haitofautishi.

Basi msimamo wangu: Dunkirk ndiyo kazi yake bora ya miaka hii, Oppenheimer ni kubwa kwenye vyumba na ndogo jangwani, Tenet niachieni. The Odyssey imetangazwa kuwa filamu yake ya kwanza kupigwa yote kwa kamera za IMAX za ukanda, zikiwa na kifuniko kipya cha kuzima ule mngurumo. Mawimbi na majitu yatakuwa mazuri, hilo sina wasiwasi nalo. Mimi nitakuwa nasikiliza maongezi.