Kikao Kilichokimbia Makosa

Kikao cha jumuiya ya kujifunza cha juma lililopita kiliharibika pale mwezeshaji aliposema, "Waliokosa tuwaweke pembeni kwanza, tuanze na waliofanya vizuri." Mliokuwapo mliona. Rundo la madaftari ya Darasa la Tano likasogezwa ukingoni mwa meza, yakabaki matatu yenye vema tupu, na walimu wazima wakamaliza muda wakisifu mwandiko. Uamuzi ule ulikuwa kosa, tena kosa la kitaaluma.

Swali lilikuwa nusu jumlisha theluthi. Katika rundo lile wengi walipata 2/5: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Huo si uzembe. Mtoto ana kanuni, ameitoa kwenye namba nzima, na ameifuata kwa uaminifu kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Wengine waliandika 2/6. Hao wana shida nyingine kabisa: kigawe kidogo cha shirika (KDS) wamekipata, asili wameibadilisha, viasi wakaviacha vilivyo. Mwalimu akiwapa wote sifuri na kurudia somo lile lile ubaoni, kundi la pili litachoka na la kwanza halitafikiwa. La kwanza lipewe karatasi ya kukunja, kisha liulizwe: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, umeongezaje kitu kwenye nusu ukapata pungufu? La pili linahitaji kuona kwamba nusu ni 3/6, basi.

Masomo mawili ya wiki ijayo yalikuwa pale mezani, yameandikwa na watoto wenyewe. Na daftari lenye 5/6 bila njia, lililopigiwa makofi, limetufundisha nini? Hatujui hata kama mwenyewe alikokotoa au alichungulia kwa jirani.

Maandalizi mengine yalikuwa safi: muda ulizingatiwa na majina ya wanafunzi yalifichwa.

Nimelisema mara nyingi katika safu hii na nitaendelea kulisema: hamu ya kupeleka taarifa nzuri ngazi ya kata inaviua vikao hivi. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ilileta jumuiya za kujifunza ili walimu wasaidiane kwenye ugumu wa kufundisha, sisi tukazigeuza mahali pa kupigia picha na kusoma wastani. Wakufunzi wa kuzunguka wa MTUU, ule mradi wa Tanzania, UNICEF na UNESCO wa miaka ya 1970, hawakuwa na projekta. Walimfuata mwalimu shuleni kwake na kuanzia pale alipokwama. Hata SMASSE ya Kenya, programu ya kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi iliyoanza mwaka 1998 kwa msaada wa JICA, ilijengwa juu ya kupanga, kutenda, kuona na kuboresha. Sisi tumeruka kuona.

Darasa la Tano linakaribia kuzidisha sehemu. Mwezeshaji, lirudishe rundo lile mezani kabla somo hilo halijaanza, na yale matatu yabaki kabatini.