Kinu, Mchi na Mume

Shairi la Mutta ni fupi, linatosha kwenye skrini ya simu bila kuisogeza. Ndani yake anafurahia kuachana na vitu vitatu vilivyopinda. Viwili ni kinu na mchi. Cha tatu ni mume wake. (Wafafanuzi wa kale wanasema bwana huyo alikuwa na kibyongo. Haya basi, ila sidhani ni mgongo tu uliopinda.)

Shairi hilo limo katika Therigatha, mkusanyiko wa mashairi 73 ya Kipali ya watawa wa kike wa mwanzo wa Kibudha, huko India ya kale. Ukilisoma leo unacheka, unataka kumtumia rafiki yako saa hiyo hiyo. Nani hajachoka na jikoni? Lakini Mutta haishii hapo. Anasema pia amefunguliwa kutoka kwa kuzaliwa na kufa. Ile kiu inayomrudisha mtu duniani tena na tena imeng'olewa. Ukikata mwisho huo unabaki na mwanamke aliyetoka kwenye ndoa mbaya. Ni habari njema, lakini si yake yote.

Kukata huku si mchezo. Mwaka 2020, Shambhala ya Marekani ilichapisha The First Free Women cha Matty Weingast, kikauzwa kama mashairi ya watawa wenyewe. Kilipendwa sana. Kisha watu wanaojua Kipali wakalinganisha na kulalamika: mengi hayafanani kabisa na ya awali, na mafundisho kama kuzaliwa upya yameyeyuka. Baadaye jalada likabadilishwa, likakiri kwamba haya ni mashairi mapya yaliyochochewa na yale ya kale. Mtu akiandika mashairi yake, sina neno. Ila ati umtie maneno mdomoni mwanamke ambaye tayari alikuwa na lake la kusema?

Na lenyewe lilikuwa kali. Mchukue Soma. Mara, yule mshawishi, anamwambia mwanamke mwenye akili ya vidole viwili hawezi kufika wanakofika wenye hekima. Wafafanuzi wanaeleza tusi hilo: msichana hupika wali tangu utotoni, na bado lazima aibonyeze punje kwa vidole viwili ajue kama imeiva. Ningetarajia Soma ajibu kwamba wanawake pia wanaweza. Hasemi hivyo. Anauliza uanamke una uhusiano gani na akili iliyotulia na kuona wazi. Penginepo katika maandiko ya Kipali anaongeza kwamba Mara akaongee na wale wanaojiwazia bado, "mimi ni mwanamke" au "mimi ni mwanamume."

Hapo ananigusa mimi pia, mimi niliyekuja kumshangilia kama mwanamke. Jibu hilo halinipendezi, na nimelisoma mara nyingi kuliko la Mutta.

Ukitaka kuanza, tafuta tafsiri ya Charles Hallisey ya 2015. Kipali kiko ukurasa wa pili, kikiitazama tafsiri.