Ua la Pareto Hupimwa Kitovuni

Ukipita Molo au Kinangop msimu wa maua, au Makete na Mufindi kwa upande wa Tanzania, utaona mashamba ya pareto yametandwa weupe mpaka uvutiwe kusimama. Mnunuzi anayeijua kazi yake hababaishwi na weupe huo. Petali hazina karibu chochote cha kuuza. Sumu inayoua wadudu, pairethrini, imo ndani ya vijimbegu vilivyojipanga chini ya kitovu cha njano. Zaidi ya tisa ya kumi ya sumu yote ya ua imejificha hapo.

Basi tazama kitovu. Kimeundwa na vijiua vingi vidogo, navyo havichanui kwa pamoja: huanza vya ukingoni, mstari kwa mstari, hadi vya katikati. Ua lililofika ni lile ambalo mistari mitatu au minne ya nje imechanua, katikati bado pamefumba, na petali zimelala bapa kama kisahani. Tumba halijajaza sumu. Lililoachwa hadi petali zikalegea na kitovu kikawa cha kahawia, wakati wake umepita.

Maua ya shina moja hayafiki siku moja, kwa hiyo mchumaji hodari hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu, akichagua. Mimi humwaga kikapu kizima juu ya turubai kabla sijasema neno. Nikikuta matumba, yaliyofika na yaliyochakaa yamechanganyika, najua shamba lilikombwa kwa mkupuo. Naangalia na vikonyo. Ua hukatwa shingoni kabisa. Kikonyo kinaongeza uzito wa mzigo na kupunguza kiwango cha sumu ndani yake.

Hata hivyo, kuchuma vizuri kunaweza kuharibiwa kwa usiku mmoja. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu, na maji yote hayo yanapaswa kutoka upesi. Maua yaliyochumwa na umande, au yaliyolazwa ndani ya gunia, hupata joto yenyewe na kuchacha. Yatandazwe juu ya chanja siku hiyohiyo, tabaka jembamba, na yageuzwe mara kwa mara. Moto mkali nao huunguza sumu. Hata mwanga wa jua huivunja: sifa hiyohiyo inayofanya dawa ya pareto isikae muda mrefu kwenye mazao ndiyo inayomtaka mkulima asiyaache maua juani siku nyingi baada ya kukauka.

Kupima ukavu, chukua ua na usugue kitovu kati ya vidole. Kikisagika kuwa unga, limekauka. Kikijikunja kama ngozi, lirudishe kwenye chanja. Rangi iwe ya malai iliyochanganyika na kahawia hafifu. Weusi ni dalili ya kuchacha au kuungua. Harufu iwe kali, ya kuchoma pua kidogo. Ukisikia ukungu, usinunue hata kwa nusu bei.

Jicho lina mpaka wake, maana maabara ndiyo hutoa hesabu ya mwisho, na maua mazuri hufikia asilimia 1.5 hadi 2 ya pairethrini. Kiwango hicho hutegemea pia shina lilikotoka. Pareto haijichavushi yenyewe, hivyo miche ya mbegu hutofautiana sana. Anayetaka ubora usioyumba hugawanya mashina yake bora na kupanda vipande. Tena asipande bondeni kwenye joto. Mmea huu wenye asili ya Dalmatia huhitaji usiku wa baridi ili utoe maua, ndiyo maana kwetu unakubali milimani, mita 1,800 kwenda juu. Chini ya hapo utavuna majani.

Mkulima mwenzangu, maua yakikauka yatie kwenye gunia la katani, kamwe si mfuko wa nailoni, uyaweke gizani pakavu. Usiyalimbikize ukingoja bei. Sumu hupungua ghalani kila mwezi, kwa hiyo yapeleke yakiwa bado yanachoma pua.